Mwinda Nyimbo wa Auvergne

Kwa kawaida mimi nikisema "Paukwa!" nyinyi huitikia "Pakawa!" Leo tuliache hilo. Paukwa ni ya sungura na fisi, na huyu nitakayewasimulia alikuwa mtu wa kweli. Jina lake Joseph Canteloube, Mfaransa. Wengine husema alikuwa mtunzi wa muziki, wengine husema alikuwa mkusanyaji wa nyimbo za jadi. Wote wamesema kweli, na hapo ndipo penye utamu wa hadithi. Mtunzi anapenda kuongeza chake. Mkusanyaji anatakiwa asiongeze kitu. Sasa watie hao wawili ndani ya shati moja, uone watakavyopigana viwiko.

Alizaliwa tarehe 21 Oktoba 1879 katika mji wa Annonay, lakini nyumba ya ukoo wake, iliyoitwa Malaret, ilikuwa mbali na hapo, Bagnac-sur-Célé, kwenye mpaka wa nchi ya Auvergne. Hiyo Auvergne ndiyo iliyomteka roho. Iko katikati ya Ufaransa, nchi ya milima iliyozaliwa na volkano zilizozimika zamani sana. Mmoja katika milima hiyo, Plomb du Cantal, una mita 1,855. Najua, mtoto wa Moshi au Arusha atacheka na kuuita kichuguu. Acheke, lakini asiende huko Januari bila koti.

Kila mwaka joto lilipoanza, wachungaji walipandisha ng'ombe kwenye malisho ya juu, ng'ombe wekundu wa Salers wenye pembe ndefu zilizopinda. Walikaa huko miezi, wakilala katika vibanda vya mawe, wakikamua na kutengeneza jibini kubwa kubwa. Huko juu hakuna jirani wa kuzungumza naye. Basi watu waliimba. Mkulima aliyelima kwa plau aliwaimbia ng'ombe wake, sauti ndefu ya kuvuta, isiyofuata mapigo, ili wasonge mbele. Msichana aliyesokota sufu aliimba, mama aliyebembeleza mtoto aliimba. Na siku ya sherehe watu walivaa viatu vyao vya mbao, wakacheza ngoma iitwayo bourrée, wakigonga visigino sakafuni huku mtu mmoja akipuliza cabrette. Cabrette ni zumari lenye mfuko wa ngozi. Mpigaji haujazi mfuko huo kwa mdomo, anaujaza kwa mivukuto midogo anayoibana chini ya kwapa, kwa hiyo anaweza kupiga na huku akiwatania wachezaji.

Watu hao hawakuimba Kifaransa. Waliimba Kioksitania, lugha ya kusini, kwa lahaja ya kwao. Na lugha hiyo ilikuwa imeanza kukiona cha mtema kuni. Mwaka 1881 na 1882, Canteloube akiwa bado mtoto mdogo, serikali ya Ufaransa ilipitisha sheria za elimu zilizofanya shule ya msingi kuwa bure na ya lazima. Jambo jema. Lakini darasani ilikuwa Kifaransa peke yake, na katika shule nyingi mtoto aliyeponyokwa na neno la nyumbani alipewa kitu cha aibu akibebe, mpaka amkamate mwenzake anayefanya kosa lile lile amkabidhi. Mkilea watoto hivyo kizazi baada ya kizazi, bibi atabaki na nyimbo zake peke yake, maana wajukuu wataona haya hata kuzielewa.

Joseph hakuwa mtoto wa mchungaji. Kwao walikuwa watu wa ardhi na jina, na ndani ya nyumba palikuwa na piano. Akiwa na umri wa miaka 6 hivi alianza kufundishwa na bibi mmoja aliyewahi kufahamiana na Frédéric Chopin, mpigapiano mashuhuri wa Poland. Huo ulikuwa muziki wa ndani, wa vidole safi na mgongo ulionyooka. Muziki wa nje aliupata kwa baba yake, aliyekuwa akimchukua kwenda kutembea milimani kwa saa nyingi. Wakipita karibu na shamba wanasikia mtu anaimba. Wakivuka bonde wanasikia mwingine. Hakuna aliyemwambia mtoto kwamba huo wa pili nao ni muziki wa kuandikwa.

Baba alifariki Joseph akiwa kijana. Akafanya kazi benki huko Bordeaux kwa muda, akaugua, akarudi nyumbani, akaamua benki basi. Akamwandikia mtu mkubwa wa Paris, Vincent d'Indy, mtunzi na mmoja wa waanzilishi wa shule ya muziki iitwayo Schola Cantorum. D'Indy alikubali kumfundisha kwa barua. Ndiyo, masomo ya muziki kwa posta! Mwanafunzi anaandika noti, anabandika stempu, anasubiri, zinarudi zimesahihishwa. Baadaye Canteloube alihamia Paris akasoma pale pale shuleni.

D'Indy alikuwa mwalimu wa kumfaa. Mwaka 1886 yeye mwenyewe alikuwa ametunga simfonia nzima juu ya wimbo mmoja wa wachungaji aliousikia milimani. Pale Schola Canteloube alipata pia rafiki wa kufa na kuzikana, Déodat de Séverac, mtoto wa kusini kama yeye, na baadaye Canteloube aliandika kitabu cha maisha ya rafiki huyo. Katika mji uliodhani kila kitu kizuri kinaanzia Paris, hawa walikuwa wakisema hapana, kiko mashambani, nendeni mkasikilize.

Msidhani lakini kwamba Canteloube ndiye Mfaransa wa kwanza kukusanya nyimbo za jadi. Mwaka 1852 waziri wa elimu, Hippolyte Fortoul, alitoa amri nyimbo za watu wa Ufaransa yote zikusanywe. Walimu, mapadri na makarani wakatuma walivyovipata. Zikajaa juzuu, lakini ule mkusanyo mkubwa uliokusudiwa haukuchapishwa. Karatasi zikawekwa maktaba ya taifa, zikanyamaza. Wimbo ulio kabatini hauna tofauti kubwa na uliosahaulika, nadhani mtakubaliana nami.

Canteloube alianza kukusanya karibu na mwaka 1900, kwa sikio na penseli. Jaribuni kazi hiyo siku moja. Mtu anaimba, nawe unaandika noti kwenye mistari mitano wakati anaendelea. Ukiandika ubeti wa kwanza, wa pili anauimba tofauti kidogo. Sauti anayoitoa haiko kwenye piano, iko katikati ya vibao viwili. Anavuta pumzi pasipo na kituo. Ukimwambia "rudia", anarudia wimbo wote kutoka mwanzo, na mara hii ameupamba zaidi kwa sababu amejua unamsikiliza. Kisha kuna lile la heshima: mkulima akimwona bwana mwenye kofia na daftari, jambo la kwanza analofanya ni kufunga mdomo.

Kati ya nyimbo zote alizozipata, mmoja umezunguka dunia, nao unaitwa "Baïlèro". Canteloube alisimulia kwamba aliusikia jioni, katika milima iliyo juu ya mji mdogo wa Vic-sur-Cère. Mchungaji mmoja aliimba, akanyamaza. Kutoka upande wa pili, mbali kabisa, sauti nyingine ikajibu. Wawili hawa hawakuonana. Wimbo ulikuwa ndiyo simu yao. Maneno yake nayo ni mazungumzo ya namna hiyo hiyo: mmoja yuko ng'ambo hii ya mto na mwingine ng'ambo ile, majani mazuri yako upande huu, maji yamewatenganisha, sasa watakutanaje?

Hebu fikirini mnarudi nyumbani na wimbo huo kwenye daftari. Mna nini hasa? Vidoa vyeusi kwenye mistari. Umbali haumo. Jioni haimo. Kile kimya kati ya swali na jibu, ambacho ndicho kilichofanya nywele ziwasimame, hakimo. Canteloube aliliona tatizo hili kuliko wenzake wengi. Wataalamu walisema: andika sauti tupu, usiguse kitu, ukiongeza unaharibu. Yeye alijibu kwamba mkulima anapoimba shambani haimbi katika utupu. Kuna upepo, maji, ng'ombe, anga. Hayo yote ndiyo muziki unaousindikiza wimbo wake, na mtu anayehesabu noti tu hawezi kuyasikia. Ukimletea msikilizaji wa mjini sauti tupu, umemletea nusu. Basi nusu ya pili mwandikie, kwa okestra.

Ndivyo alivyofanya. Nyimbo zake za Auvergne, "Chants d'Auvergne", ni za mwimbaji mmoja wa kike na okestra nzima. Mafungu mawili ya kwanza yalichapishwa 1924, la tatu likafuata 1927, la nne 1930. Katika "Baïlèro" vinanda vya nyuzi na piano vinatetema kama hewa ya joto juu ya majani, halafu mpuliza obo anatoa sauti moja nyembamba. Obo ni ndugu wa ukoo wa nzumari yetu ya pwani, zote hupulizwa kwa ulimi wa matete mawili yaliyobanana, ndiyo maana zote hulia puani. Mwimbaji anaingia polepole, anauliza. Okestra inatanda. Anajibu mwenyewe, kwa sauti ya chini, mpaka unaamini kwamba kweli kuna mtu mwingine kule ng'ambo. Na katika nyimbo za bourrée Canteloube anaziachia obo na klarineti zipige peke yake kati ya wimbo na wimbo, zikiparuza na kuringa kama mpiga cabrette aliyekwisha kunywa kidogo.

Je, alikuwa na haki? Wakosoaji wako hadi leo. Wanasema mchungaji hakuwa na okestra mfukoni, na kwamba rangi zile zote ni za Paris ya wakati wa watunzi Debussy na Ravel, wala si za milima ya Cantal. Nami nasema wamepatia nusu. Okestra ile ni ya Canteloube, tena kuna mahali ameimimina kwa wingi mno, kama mtu anayeogopa utachoka. Lakini bila yeye, ni nani kati yetu angekuwa anazungumzia mchungaji wa Vic-sur-Cère leo? Kisheria pia mambo yamegawanyika hivyo hivyo: wimbo wa jadi ni wa wote, ila mpangilio alioandika yeye ni wake. Kwenye jalada unasoma jina la Canteloube. Kumbukeni tu kwamba sauti yenyewe aliikuta.

Msije mkadhani nyimbo hizi ni huzuni na machweo tupu. Watu wa Auvergne walipenda mzaha wa kikavu. Katika wimbo mmoja, mtu anamwambia mwenzake Antoine kwamba wakienda gulioni watanunua ng'ombe wa kushirikiana. Mgawanyo? Ng'ombe wangu mimi, pembe zako wewe. Kuna mwingine unaolalamika kwamba asiye na mke anamtafuta na aliye naye anatamani asingekuwa naye, na mwanamke anayeimba anazidi kuufurahia kila ubeti. Upo wimbo wa kumbembeleza mtoto ambapo mama anamwita Usingizi aje, kama anavyoitwa mtu, na Usingizi hataki kuja. Kila aliyewahi kulea anajua huo hautaniwi.

Sasa kumbukeni kwamba wakati huo watu wengi wa Auvergne walikuwa hawako Auvergne. Umaskini uliwasukuma Paris. Huko walianza kwa kubeba ndoo za maji hadi ghorofani, wakauza kuni na makaa, kisha wakaweka meza mbili na mvinyo pembeni ya duka la makaa, na hivyo ndivyo mikahawa mingi ya Paris ilivyozaliwa. Walichukua na cabrette zao, wakazipiga kwenye kumbi za dansi mpaka kodiani ikaja kuzisukuma pembeni. Watoto wao walizaliwa mjini, hawajui malisho. Mwaka 1925 Canteloube alishirikiana na vijana wa namna hiyo kuunda kikundi kilichoitwa La Bourrée, cha kuimba na kucheza nyimbo za kwao mbele ya watu bila haya.

Alijaribu na opera pia. Alitunga mbili: "Le Mas", ya maisha ya shambani, iliyochezwa kwenye jumba la Opera la Paris mwaka 1929, na "Vercingétorix", juu ya shujaa wa Auvergne aliyepigana na Julius Caesar, mwaka 1933. Katika hii ya pili alitumia hata chombo kipya cha umeme kilichoitwa ondes Martenot. Haikusaidia. Opera zote mbili leo hazichezwi, wala sioni dalili kwamba zitarudi.

Nyimbo ndizo zilizotembea, na aliyezitembeza wa kwanza ni mwanamke, Madeleine Grey. Mwaka 1930 aliziimba kwenye santuri, akiwa na okestra iliyoongozwa na Élie Cohen. Zitafuteni santuri hizo, siku hizi zinapatikana mtandaoni. Zinakwaruza. Lakini sikilizeni anavyoyatafuna yale maneno ya Kioksitania, anavyokaribia kucheka katikati ya nyimbo za mzaha. Haimbi kama malaika wa kanisani. Anaimba kama mtu mwenye jirani wa kumsengenya.

Hapa hadithi inapata doa, na sitalificha eti kwa sababu nyinyi ni wadogo. Mwaka 1940 Ujerumani ya Hitler iliishinda Ufaransa. Serikali mpya ya Marshal Pétain ikaweka makao Vichy, mji ulioko huko huko Auvergne, ikawa inashirikiana na Wajerumani. Serikali hiyo ilipenda sana kusifu mkulima, udongo, mila na nyimbo za mababu. Ilihitaji watu wa kuupamba wimbo huo, na Canteloube alikuwamo. Aliitumikia kuanzia 1941, akaandika katika gazeti la wapenda ufalme, Action française, akafanya vipindi vingi redioni vya nyimbo za jadi pamoja na mwimbaji Christian Selva. Serikali hiyo hiyo, Oktoba 1940, ilikuwa imetoa sheria ya kuwatenga Wayahudi na kuwafungia kazi nyingi. Na Madeleine Grey, ile sauti iliyozipeleka nyimbo za Auvergne duniani, alikuwa Myahudi.

Sijui mtu anaziimbaje nyimbo za mchungaji redioni mwaka ule na kulala usingizi. Wako wanaomtetea: aliona nafasi ya kuokoa nyimbo, akaichukua. Mimi nasema nyimbo hazikumtaka afanye hivyo. Zilikuwa zimeishi karne nyingi bila msaada wa serikali yoyote. Nyimbo za jadi ni za kwanza kuitwa mtawala anapotaka kuwaambia watu nani ni mwenzao na nani si mwenzao, na anayezipenda anapaswa kuwa wa kwanza kushtuka. Canteloube hakushtuka.

Ajabu ni kwamba mwaka 1944, vita vikiwa bado havijaisha, "Baïlèro" ilisikika upande wa pili wa bahari, upande wa maadui wa Hitler. Mwigizaji Laurence Olivier alitengeneza filamu ya "Henry V" ya Shakespeare kuwatia moyo Waingereza, na mtunzi William Walton, alipotaka sauti ya mashamba ya Ufaransa, akaichukua ile iliyoandikwa na Canteloube.

Baada ya vita alibaki na kazi yake ya daftari. Mwaka 1951 ilitoka "Anthologie des chants populaires français", juzuu 4, nyimbo zimepangwa mkoa kwa mkoa: si Auvergne tu, Ufaransa nzima. Hiyo ndiyo kazi ya Canteloube mkusanyaji, na wanafunzi wa muziki bado wanaifungua. Fungu la tano na la mwisho la nyimbo za Auvergne alilimaliza akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70, miaka 30 baada ya fungu la kwanza. Alifariki Grigny, karibu na Paris, tarehe 4 Novemba 1957.

Hakuwahi kuona nyimbo zake zilivyokuja kuenea. Santuri za kucheza muda mrefu ziliposhika, waimbaji wakubwa walizigombea mmoja baada ya mwingine: Netania Davrath, Victoria de los Ángeles, Frederica von Stade, Kiri Te Kanawa kutoka New Zealand. Yote kwa Kioksitania, lugha ambayo kule Auvergne kwenyewe vijana waliendelea kuiacha.

Sasa kazi kwenu. Sikilizeni kwanza "Baïlèro" ya Madeleine Grey, halafu ya mmoja wa hao wengine. Kisha tafuteni mtu anayepiga bourrée kwa cabrette peke yake, bila okestra. Mkimaliza niambieni kama Canteloube aliongeza au alipunguza, na msikubali jibu langu kabla ya kusikia kwa masikio yenu.